Kaunti, CDF ama mfuko wa mheshimiwa: timu ya mtaa Mombasa ipeleke barua wapi?

Juzi kocha mmoja kijana wa Likoni kanitumia voisi saa nne usiku. "Shikamoo anti, sisi tumeandika barua ya kuomba uwanja utengenezwe, sasa wengine wasema tupeleke kaunti, wengine CDF, na mwenyekiti wetu asema tuache kupoteza wakati tumfate mheshimiwa nyumbani kwake, wewe waonaje?" Nikamjibu marahaba mwanangu, kwani barua mmemwandikia nani? Kimya. Alafu baadaye, "Tumeweka Kwa Mhusika."

Sasa huyo Mhusika mimi namtafuta Mombasa hii mwaka wa kumi na moja. Mimi ni katibu wa timu ya wasichana ng'ambo ya daraja la Nyali na nina faili nene kama msahafu, barua zote zina mhuri wa IMEPOKELEWA na nyingi ziliishia hapo hapo kwa mhuri. Kwa vile swali hili naulizwa kila msimu, naliandika hapa mara moja, kila mlango, yaani kaunti, CDF (mfuko wa serikali kuu wa maendeleo ya jimbo la ubunge) na mfuko wa mheshimiwa mwanasiasa mwenyewe, una nini na hauna nini, ili mtu achague akijua anakokwenda.

Kabla ya milango, kuna jambo watu hulichanganya kwa barua moja na ndo linawaangusha. Kuna hela ya mpira na kuna hela ya uwanja. Hela ya mpira ni jezi, mipira, kulipa marefa, nauli ya kwenda kucheza Malindi, mafuta ya jenereta wakati wa tonamenti za Ramadhani usiku. Hiyo hela huliwa, msimu ukiisha nayo imeisha, hakuna aibu. Hela ya uwanja ni kusawazisha, mifereji, magoli ya chuma, fensi, choo, taa. Hiyo inabaki pale pale ardhini, na kitu kikishabaki kwa ardhi lazima ujue ardhi ya nani. Ukiandika "tunaomba jezi, nyavu, kusawazishiwa uwanja na choo" kwa karatasi moja, ofisa anasoma mpaka kwa choo anakwambia hii si yetu, na jezi zako zinapotea pamoja na choo.

Uwanja ni wa nani kwanza

Hili swali linashinda mengine yote. Katiba ya 2010 kule nyuma ina Jedwali la Nne, imegawa kazi. Shughuli za michezo na viwanja vyake imepewa kaunti, pamoja na bustani na fukwe na maktaba. Serikali kuu imebaki na kukuza michezo kwa jumla na elimu ya michezo, na shule za msingi na sekondari pia ziko kwake. Alafu sheria ya CDF ya 2015, hii inayoitwa NG-CDF, ikasema hela zake ni za kazi za serikali kuu pekee. Ukiunganisha hayo mawili unapata jibu ambalo watu wengi mtaani hawajaambiwa: uwanja wa wazi wa kila mtu, ule mnaochezea mkitoka kazini na mbuzi wanakatiza, mwenyewe kwa sheria ni kaunti. Uwanja ulio ndani ya shule ya serikali, hapo CDF anaweza kuingia.

Sisi hili lilitutokea puani. Tulipeleka barua ofisi moja ambayo sitaitaja, barua nzuri, nimeipiga chapa mwenyewe, na picha za uwanja ukiwa umejaa maji. Tukaambiwa rudini wiki ijayo, wiki ijayo ikawa mwezi, mwezi wa nane ndo kijana mmoja wa mapokezi akanionea huruma akaniita kando, "Mama, huu uwanja wenu si wa shule, hapa hawawezi kutia hela hata wakipenda." Miezi minane, na angeniambia siku ya kwanza. Na katika hiyo miezi minane tarehe za bajeti ya kaunti zilipita zote tukiwa tumekaa tunangoja simu.

Kwa hivyo usiulize watu tu. Mtaani kila mtu atakwambia "huu wa kaunti huu, tangu enzi za manispaa", na wazee wataapa. Uwanja wa wazi ambao hakuna aliyeushikia karatasi ndo unaamka asubuhi unakuta lori linamwaga kokoto golini. Nenda ofisi ya ardhi ufanye sachi ya kujua mwenye ardhi, ama mwandikie barua msajili. Kuna sheria ya kupata habari ya 2016, ofisi ya umma ikiandikiwa kuomba taarifa ina siku 21 kujibu, na ukiitaja hiyo sheria ndani ya barua nimeona watu wanakaa vizuri kwa kiti. Na kuna viwanja havina mjadala, kama Mbaraki ule ni wa KPA, mamlaka ya bandari, mwenye nyumba anajulikana, barua ya CDF wala ya kaunti haihusiki hapo, ni kwenda kubisha kwa mwenyewe.

Mlango wa kaunti

Wa kaunti ndo mrefu kuliko yote na mimi ndo naupenda kuliko yote, nitaeleza.

Kaunti hailipi barua, inalipa bajeti, na bajeti ina kalenda yake haikusubiri. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa ufike bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa fedha inafata mwisho wa Februari. Makadirio ya bajeti yenyewe 30 Aprili, na kufika 30 Juni iwe imepitishwa, mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai. Sasa hesabu vizuri: jambo unalotaka liingie ule mpango wa Septemba, hela yake ni ya mwaka unaoanza Julai ijayo. Ongeza tenda, ongeza hazina ya Nairobi kuchelewesha mgao wa kaunti jambo ambalo si siri, kontrakta akiingia uwanjani ni kama mwaka na nusu tangu mlipokaa chini ya mwembe mkakubaliana. Timu inayotaka magoli kabla ya ligi ya mwezi ujao hapa isipoteze nauli. Na kuna mpango wa miaka mitano juu ya hiyo yote, huu wa 2023 mpaka 2027, uwanja wenu ukiwa umetajwa humo kazi ni nyepesi zaidi, kama haumo mnaanzia chini kabisa.

Hapo katikati kuna vikao vya wananchi, vya kutoa maoni. Watu huviona ni vya kunywa soda na kurudi. Mimi nilikuwa hivo mpaka siku moja tukaenda na kapteni wetu, msichana wa miaka 17. Hema, viti vya plastiki, maiki inapiga kelele kama paka amekanyagwa. Maji yalizungumzwa saa mbili nzima, alafu barabara, alafu basari, michezo ikafika saa saba kasoro watu washaanza kuaga waende wakaswali na ofisa anakunja makaratasi yake. Kapteni akasimama. Akasema hataki uwanja wa kimataifa, anataka mfereji mmoja, upande wa kibla, manake mwezi wa tano maji yanalala golini mpaka vyura wanataga na kipa anacheza na ndara. Watu walicheka. Lakini ofisa akakunjua tena karatasi akaandika, manake ni kitu kimoja, kinapimika, kina upande. Kina mama waliosema "tunataka michezo iboreshwe" sidhani kama waliandikwa popote. Mwaka uliofuata hatukuona mtu. Wa pili wakaja kuchimba.

Mabaya ya kaunti nayo nisiyafiche. Hela yake ya michezo inashindana na stediamu kubwa, na stediamu kubwa inapendeza kwa picha. Uwanja wa manispaa pale mjini ulivunjwa ujengwe upya, kazi ikakwama miaka na miaka. Sisi Mombasa tuna gofu mbili, moja ni ile ya kuchezwa, pale Mama Ngina, ambapo Machi 2007 dunia nzima ilikuja kukimbia mbio za nyika kwa joto lile letu, na nyingine ni hilo gofu la stediamu. Mwanangu wa mtaani anayetaka mfereji anapanga foleni nyuma ya jukwaa la watu elfu kadhaa. Pia kontrakta wa tenda hajui uwanja wenu, kama hamko pale siku ya kumkabidhi saiti atapanda nguzo za goli zimetazama jua la jioni, nimeona kwa macho yangu, kipa wa upande mmoja kila mechi ya saa kumi na moja anaweka mkono usoni kama anapiga saluti.

Kwa nini basi bado naupenda? Ufunguo. Ngoja nitafika hapo.

Mlango wa CDF

Huu uko karibu. Ofisi ya jimbo unaijua, karani mmesoma naye, mwenyekiti wa komiti mnakutana kwa matanga. Mombasa tuna majimbo sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Jomvu, Changamwe, Likoni, na kila moja lina hela yake. Sheria inawataka waite mikutano ya wazi kila wodi angalau mara moja kila miaka miwili, na hapo ndo mradi unatakiwa utajwe, si kwa voisi ya usiku.

Kwa hela ya mpira CDF ina fungu lake, ila dogo, na sheria imelifunga kwa kamba: shughuli za michezo zisizidi asilimia 2 ya hela yote ya jimbo kwa mwaka. Tufanye hesabu ya vidole. Tuseme jimbo limepata milioni 150, asilimia 2 ni milioni 3. Jomvu kuna wodi 3, kila wodi milioni moja, si haba. Kisauni kuna wodi 7, hela ile ile, kila wodi laki nne na kidogo. Na wodi moja ya Kisauni ikiwa na timu ishirini, za wanaume, wanawake, voliboli, watoto, kila timu inaangukia elfu ishirini na kitu, hapo ni seti ya jezi na mipira miwili mitatu na asante. Ndo maana majimbo mengi huona bora wafanye tonamenti moja ya jimbo zima kuliko kugawa. Na zawadi isiwe pesa taslimu, sheria imekataza, ndo maana mkishinda mnapewa kombe na jezi na si bahasha, msimlaumu karani wa watu. Hela hiyo pia haitakiwi kusaidia siasa wala dini.

Hela kubwa ya CDF kwa michezo haiko kwa hilo fungu, iko kwa shule. Ukuta wa shule, choo cha shule, uwanja wa shule kusawazishwa, hayo yanapita kama miradi ya elimu. Na hapo kwa mwendo CDF inaishinda kaunti, mradi mdogo wa shule naona unasimama ndani ya mwaka. Kama timu yenu inachezea shule, huu ndo mlango, hakuna haja ya kufikiri sana, ila barua iandikwe na shule na nyinyi mtajwe ndani, si kinyume chake.

Alafu kuna mambo ya mahakamani ya kuangalia. Sheria ya CDF ya 2013 ilipigwa chini na Korti ya Juu Agosti 2022. Alafu Septemba 2024 Korti Kuu ikasema hii ya 2015 nayo inakiuka katiba, ikaipa mwisho wa 30 Juni 2026. Mambo ya korti na wabunge ni mchezo wa rufaa, lakini mimi kama katibu najua jambo moja, mradi wa awamu tatu wa miaka mitatu siupandi juu ya kitu kinachovutwa hivo. Choo, ndio. Fensi ya upande mmoja, ndio. "Awamu ya kwanza ya kituo cha michezo", hapana.

Ufunguo anashika nani

Hapa ndo watu hawaulizi kabisa. Wanashangilia siku ya kuzindua, utepe unakatwa, alafu Jumamosi wanakuja wanakuta kufuli.

Uwanja wa shule ukishawekewa fensi nzuri, mwalimu mkuu ana haki yake, watoto wa shule ni jukumu lake, vitu vikiibiwa anaulizwa yeye. Anafunga. Jumatatu mpaka Ijumaa timu ya mtaa haiwezi kuingia manake kuna masomo, wikendi bawabu hayupo, likizo ufunguo umeenda Mariakani na mtu. Timu iliyosukuma barua miaka miwili ndo inacheza barabarani nje ya fensi iliyoiomba yenyewe. Hii si hadithi, nenda utembee jioni shule yoyote iliyozungushwa ukuta mpya utawaona watoto wamekaa juu ya ukuta wanaangalia nyasi.

Dawa yake ipo, na ni rahisi kabla ya ujenzi na ngumu sana baadaye. Kabla shule haijaweka sahihi kwa ombi la CDF, mkae na bodi ya shule muandike makubaliano: siku gani na saa ngapi timu ya mtaa inaingia, nani anashika ufunguo wa pili, kikivunjika kitu nani analipa. Karatasi moja tu, sahihi na mhuri wa shule. Mwalimu mkuu akihamishwa, na watahamishwa, karatasi haihami.

Uwanja wa kaunti shida yake ni nyingine, mara nyingi hauna hata lango la kufungwa. Ukiwekewa taa je? Taa zinataka stima, stima inataka tokeni. Kuna uwanja najua ulipata milingoti mizuri, ikawaka kama wiki sita hivi, vijana wanacheza mpaka saa nne usiku, kina mama wanauza viazi karai na kachiri pembeni, biashara imekubali, alafu siku moja giza. Kumbe hakuna aliyeandika popote nani ataweka tokeni. Lakini angalia tofauti: kwa kaunti, stima ya uwanja wa umma ni kitu unaweza kukiombea kwa bajeti ya kila mwaka, ni haki kukidai, manake uwanja ni wao. Kwa CDF hakuna atakayekulipia tokeni, wao wanajenga wanakabidhi, stima inabaki kwa shule, na shule ikibidi ichague kati ya chaki na taa zenu za mpira wa usiku itanunua chaki, na iko sawa.

Kwa timu ya wasichana ongeza choo. Wanaume wanasimama nyuma ya mkungu, sisi hatuwezi. Msichana wangu mmoja alikuwa haji mazoezini siku fulani fulani za mwezi na nilidhani ni mvivu, nikamfokea mbele ya wenzake, mpaka mamake akanieleza. Tangu siku hiyo kila barua yangu ya uwanja choo kiko mstari wa kwanza kabla ya magoli. Na choo nacho kina ufunguo, na maji, na wa kukisafisha. Muulize kila ofisa swali hilo uone anavyojikuna.

Milango ya Nairobi, kwa ufupi

Kuna ule mfuko wa kitaifa wa michezo, sanaa na maendeleo ya jamii, ulioanzishwa 2018, unaokula kodi za kamari. Kijana wa Mwembe Tayari akipoteza mkeka wake Jumamosi, kodi yake imepitia huko. Unalipa timu za taifa, mashirikisho, na ujenzi wa viwanja vikubwa. Kwa timu ya mtaa huu si mlango, ni dirisha la ghorofani. Ukiwa na mchezaji aliyeitwa timu ya taifa, ama chama chenu cha mchezo kinapeleka watu nje, sawa, pitieni kwa shirikisho lenu. Mfereji wa upande wa kibla hawataujua. Na stediamu, jamani, 2013 kwa manifesto tuliahidiwa viwanja vitano vya kimataifa na Mombasa ikiwemo, mpaka 2019 timu yetu ya Bandari ikiwakilisha nchi Kombe la Shirikisho la Afrika mechi ya nyumbani ikachezewa Kasarani, Nairobi, kilomita karibu mia tano kutoka nyumbani. Alafu Nairobi ndo ikaanza kujengewa stediamu mpya ya Talanta, viti elfu 60. Sina wivu. Ninao kidogo.

Kuna pia mfuko wa NGAAF kupitia ofisi ya mwakilishi wa wanawake, huu watu wa michezo huusahau. Ni wa vikundi vya wanawake, vijana na walemavu, na timu ya wasichana iliyosajiliwa kama kikundi inaingia bila kujipinda. Usiuombe uwanja, omba vifaa.

Mfuko wa mheshimiwa

Mwenyekiti wa yule kocha hakukosea kila kitu. Mfuko wa mheshimiwa ndo wa haraka kuliko yote, unaenda asubuhi na ndoo ya madafu, jioni una jezi. Hakuna Septemba wala Februari. Shida ni kwamba hiyo hela si ya serikali hata kama anayetoa ni mtu wa serikali, haina risiti, haina mwaka ujao, na huwezi kuidai. Sisi tuliwahi kupewa seti nzuri kabisa, kitambaa kizito, na sura yake kifuani inacheka. Uchaguzi ukaja akaanguka. Misimu miwili tulicheza na sura ya mtu aliyeshindwa, timu pinzani wakitufunga wanamuombea kura, mwisho wasichana wakawa wanazivaa ndani nje na refa anauliza namba ziko wapi.

Makaratasi

Mlango wowote utakaoshika, karatasi ni zile zile na watu wanashindwa hapo kabla hata ya kusikizwa. Cheti cha kikundi, ambacho kwa sheria ya 2022 mnatakiwa watu wasiopungua 10. Kama mnataka kutambulika kama klabu ya michezo hasa, kuna Msajili wa Michezo kwa sheria ya 2013. Katiba yenu ndogo. Akaunti ya benki yenye jina la timu, si ya kocha, wala si namba ya simu ya mwenyekiti. Na minits, wallahi minits, kikao kilichoamua kuomba kile mnachoomba, tarehe na sahihi. Nimeona ombi la timu yenye vikombe vitano likirudishwa na la timu isiyojua hata kupiga kona likipita, tofauti ilikuwa karatasi mbili za minits.

Sasa narudi kwa kocha wangu wa Likoni. Nilimwambia nenda kwanza ujue uwanja wa nani. Akarudi baada ya siku nne na picha ya ramani, anacheka, ama analia, kwa voisi huwezi kujua. Kumbe uwanja wao nusu ni wa shule na nusu ni wa wazi, mpaka unakatiza karibu na duara la senta. Miaka yote hiyo timu moja ikicheza nyumbani kwa mwalimu mkuu na nyingine nyumbani kwa gavana, na baada ya mapumziko wanabadilishana.

Nikamwambia basi barua ni mbili. Ya kwanza kaunti, kabla ya mwezi wa nane kuisha, mfereji na choo, viwe upande wa wazi ambako hakuna kufuli, na aende kikaoni na mchezaji mmoja anayejua kusema jambo moja. Ya pili iandikwe na shule kwenda CDF, kusawazisha upande wao tu, bila ukuta, na karatasi ya ufunguo iwe imeshawekwa sahihi kabla. Akisikia neno "fensi" kwa mkutano ainue mkono aulize itapita wapi, manake ikifata ramani atabaki na uwanja wa timu ya watu watano.

Akaniuliza, "Na kwa mheshimiwa anti, tusiende kabisa? Mwenyekiti ashanunua madafu."

Nikamwambia waende, madafu yasioze. Waombe mipira sita, saizi tano, isiyoandikwa kitu.